Kazi ya Benchi: Sifa za Kocha Mzawa

Tarehe 26 Agosti 1979, mjini Ndola, zikiwa zimebaki dakika chache mechi kumalizika, Peter Tino aliisawazishia Tanzania dhidi ya Zambia. Matokeo yakawa 1-1. Kwa kuwa Taifa Stars ilikuwa imeshinda 1-0 Dar es Salaam, nchi ikapata tiketi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Jina la Tino halijawahi kutoka midomoni mwa mashabiki tangu siku ile. Jina la aliyeipanga timu hutajwa kwa nadra zaidi, nalo ni la mtu wa Korogwe: Joel Nkaya Bendera.

Bendera hakugusa mpira siku ile. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikwisha kabla ya filimbi ya kwanza, ikabaki ile ngumu zaidi ya kukaa pembeni na kuwatazama wengine wakiitimiza. Fundi cherehani hushona kwa mkono wake mwenyewe na mwimbaji hutoa sauti yake mwenyewe, lakini kocha hufanya kazi kwa miguu ya watu wengine, watu wenye njaa, hofu, ugomvi wa nyumbani na ndoto ambazo yeye hazijui zote. Ufundi huo una haki ya kusifiwa kwa majina na kwa mifano, na mkoa wa Tanga, kuanzia Korogwe na Handeni hadi pwani, unayo majina ya kutosha.

Korogwe imekaa kando ya Mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, kwenye reli ya zamani ya Tanga hadi Moshi, katikati ya mashamba ya mkonge. Handeni iko kusini yake, nchi ya Wazigua na ya mahindi, na barabara kuu kutoka Chalinze hupita Mkata na Kabuku kabla ya kufika njia panda ya Segera. Klabu kubwa za mkoa, Coastal Union na African Sports, ziko Tanga mjini. Kijana wa wilaya hizi mbili mwenye kipaji huonekana kwanza kwenye kiwanja cha shule, kisha kwenye ndondo za mitaani, na akibahatika, kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Anayemwona mapema kuliko wote ni mwalimu wa michezo. Huyo ndiye kocha wake wa kwanza, awe na leseni au asiwe nayo.

Bendera alikuja kuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, naibu waziri aliyesimamia michezo, kisha mkuu wa mkoa, Morogoro na baadaye Manyara. Alipofariki Desemba 2017, bado alikuwa kocha pekee aliyewahi kuivusha Taifa Stars kwenye mchujo wa fainali hizo. Miaka 38 ilikuwa imepita.

Lakini fainali zenyewe, Machi 1980 mjini Lagos, kocha mkuu aliyeandikwa kwenye kumbukumbu ni Mpolandi, Slawomir Wolk. Stars ilifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga moja, Thuweni Ally akafunga mawili. Mzawa aliivusha timu kwenye mchujo, na mgeni akaiongoza kwenye fainali. Mtindo huo umejirudia mara nyingi mno katika soka la Tanzania.

Kabla ya kuulaumu mtindo huo ni vizuri kuuliza kocha anajua nini hasa, na amekijua wapi. Jibu la haraka husema kwamba aliyecheza vizuri atafundisha vizuri. Dunia imetoa ushahidi kinyume, na ushahidi ulio wazi kabisa umetoka kwenye mchezo ambao Korogwe haujawahi kuchezwa: mpira wa magongo wa kwenye barafu. Wayne Gretzky wa Canada alistaafu mwaka 1999 akiwa na mabao 894 katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, na wengi humwita mchezaji bora kuliko wote waliowahi kuteleza na magongo. Aliifundisha Phoenix Coyotes misimu minne, 2005 hadi 2009, wala haikuingia hatua ya mtoano hata mara moja. Scotty Bowman, Mkanada mwenzake, aliumia kichwa akiwa kijana na ndoto yake ya kucheza ikakatika. Akageukia kufundisha, akatwaa Kombe la Stanley mara tisa akiwa kocha mkuu.

Tofauti yao haimaanishi kwamba kucheza ni bure. Inaonyesha kwamba mchezaji mahiri hufanya mambo mengi bila kuyafikiria. Mguu wake unajua wakati wa kukimbia nyuma ya beki, naye hajawahi kulazimika kueleza kwa nini. Akigeuka kocha, analazimika kuvunjavunja alichokuwa akikifanya kwa mkupuo mmoja: hatua hii kwanza, jicho liangalie hapa, subiri mpira utoke mguuni mwa kiungo ndipo uondoke. Kisha ampe kijana ambaye mwili wake si kama wake, kwa maneno machache, mbele ya wenzake, bila kumvunja moyo. Wengi waliowika uwanjani hushindwa hapo. Wanaoweza ndio mafundi.

Juma Mgunda ni mmoja wao. Alikuwa mshambuliaji wa Coastal Union, klabu iliyoanzishwa mwaka 1948, katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Baada ya kustaafu alibaki karibu na klabu hiyohiyo na kuwa kocha wake. Urithi aliouchukua ulikuwa mzito, kwa sababu msimu wa 2015/16 Tanga ilipata pigo ambalo mikoa michache imewahi kulipata: Coastal Union, African Sports na Mgambo Shooting zote tatu zilishuka daraja kwa mpigo. Mkoa uliokuwa na timu tatu Ligi Kuu ukabaki bila hata moja. Coastal ilirejea msimu wa 2018/19 ikiwa na Mgunda benchi.

Yaliyofuata yanaeleza ufundi wake kuliko sifa za maneno. Klabu haikuwa na fedha za kushindana na Simba, Yanga au Azam kununua wachezaji, hivyo ilibidi kuwakuza. Mwaka 2020 mabeki wawili wa kati wa Coastal, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Ame, walichukuliwa na miamba ya Kariakoo: Mwamnyeto akaenda Yanga, ambako baadaye alivaa kitambaa cha unahodha, na Ame akaenda Simba. Jambo la kupendeza ni kwamba aliyekuwa akiwanoa mabeki hao alikuwa mshambuliaji. Mtu aliyetumia ujana wake kutafuta upenyo nyuma ya mabeki anajua beki hukosea wapi: anapoutazama mpira na kumsahau mtu, anapompa mwenzake nafasi ya kusita, anapogeuka upande usiofaa. Maarifa ya kumwadhibu beki yakageuzwa kuwa maarifa ya kumlinda.

Tarehe 2 Julai 2022, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Coastal ya Mgunda ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga. Mechi iliisha 3-3, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na Abdul Suleiman ‘Sopu’. Yanga ilishinda kwa penalti, na Sopu akasajiliwa na Azam. Kwa mara nyingine kijana aliyewika Tanga aliondoka, na kocha akarudi kuanza na wengine. Kuwalea wachezaji ukijua kwamba siku watakapoiva utawapoteza kunahitaji uvumilivu wa pekee. Mgunda aliufanya kuwa sehemu ya kazi yake.

Miezi miwili baadaye Simba ikamwita. Kocha Zoran Maki alikuwa ameondoka ghafla Septemba 2022, na mechi za Ligi ya Mabingwa Afrika zilikuwa mlangoni. Mgunda alipokea kikosi asichokisajili, bila muda wa maandalizi. Simba ikaifunga Nyasa Big Bullets 2-0 Malawi na 2-0 nyumbani, ikaichapa Primeiro de Agosto 3-1 Luanda na 1-0 Dar es Salaam. Mechi nne, ushindi mara nne, na timu ikaingia hatua ya makundi. Januari 2023 klabu ikamleta Mbrazili, Roberto Oliveira ‘Robertinho’, na Mgunda akasogea kuwa msaidizi. Baadaye akapewa Simba Queens. Aprili 2024, kocha Abdelhak Benchikha alipoondoka, aliitwa tena kuziba pengo kwenye timu ya wanaume.

Kocha mzawa amefanywa kama gari la zimamoto: hukumbukwa nyumba ikiwaka, na moto ukizimwa hurudishwa gereji. Mgunda aliitika kila alipoitwa. Alifanya kazi. Lakini mtu anayeweza kuituliza timu kubwa ndani ya siku chache bila shaka ana uwezo wa kuijenga akipewa miaka.

Handeni nayo ina sura yake katika habari hii. Kutoka Kabuku, kwenye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ilitoka Mgambo Shooting, timu ya askari iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2012/13 na kutumia Mkwakwani, Tanga mjini, kama uwanja wa nyumbani. Msimu wa 2013/14 iliifunga Simba na Yanga kwenye uwanja huo, ushindi ambao wengi nchini hawakuutarajia kutoka kwa timu ya kambini isiyo na jina kubwa. Miongoni mwa makocha walioinoa Mgambo ni Bakari Shime, na safari yake baada ya hapo ilikwenda mbali kuliko Kabuku ilivyoweza kuota.

Oktoba 2022 Shime alikuwa India na Serengeti Girls, wasichana wa chini ya miaka 17, timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Mechi ya kwanza Japan iliwafunga 4-0. Wasichana wa umri huo, ugenini, mbele ya kamera za dunia, wangeweza kuvunjika pale. Siku tatu baadaye waliifunga Ufaransa 2-1, kisha wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali kabla ya kutolewa na Colombia. Siku tatu hazitoshi kumfundisha mchezaji ufundi mpya wa miguu. Zinatosha kumrudishia imani na kupanga upya nani asimame wapi, na hiyo ndiyo kazi ya kocha anayewajua watu wake, anayezungumza lugha yao, anayejua yupi anahitaji kukemewa na yupi anahitaji kuulizwa amelalaje. Shime baadaye aliirudisha Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, kwenye fainali za Afrika, zilizochezwa Morocco mwaka 2025, baada ya kuzikosa tangu 2010.

Haya hayasemwi ili kuwafukuza wageni. Mnigeria Emmanuel Amunike, aliyefunga mabao yote mawili ya nchi yake kwenye fainali ya Afrika ya 1994, ndiye aliyeirudisha Taifa Stars kwenye fainali za 2019, na ushindi wa 3-0 dhidi ya Uganda tarehe 24 Machi 2019 ni wa kwake na wachezaji wake. Mgeni mzuri huleta mbinu na macho mapya. Tatizo ni mzawa kupewa mchujo na kunyimwa fainali. Hemed Suleiman ‘Morocco’ wa Zanzibar aliichukua Stars katikati ya fainali zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024, kocha mkuu Adel Amrouche aliposimamishwa, akapata sare na Zambia na DR Congo. Kisha akaivusha kwenda fainali za 2025 kwa bao la Simon Msuva dhidi ya Guinea, Novemba 2024. Mwaka mmoja baadaye, wiki chache kabla ya fainali hizo, timu ikakabidhiwa kwa Muajentina Miguel Gamondi. Bendera angeitambua habari hiyo.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa fainali za 2027. Viwanja vinajengwa na fedha zinahesabiwa. Sehemu ya fedha hizo iende Chanika ya Handeni na Manundu ya Korogwe, kwenye kozi za leseni za awali za ukocha kwa walimu wa shule za huko, ili anayemwona kijana wa kwanza ajue la kumfundisha na namna ya kutomharibu. Na kule juu, mkataba wa kocha mzawa uandikwe kwa misimu mitatu au minne, wenye malengo yanayopimika na haki ya kukosea mechi mbili bila kufukuzwa. Mgunda na Shime wamekwisha kuonyesha wanachoweza kufanya kwa muda mfupi na kwa vijana wa nyumbani.