Katerero na Kimya cha Fasihi Yetu

Wahenga walisema kuwa mficha uchi hazai. Methali hii hutumiwa kila siku kumhimiza mwenye shida aiseme ili asaidiwe, lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa asili yake ni ya mwili: aoneaye haya mwili wake mwenyewe hapati mtoto. Yafaa tuitazame kwa makini, maana haikuishia kutufundisha kusema. Imetuonyesha pia mpaka wa kusema. Mwili uruhusiwe kufunuliwa kwa sababu ya uzazi. Kama mficha uchi hukosa furaha, methali haisemi.

Katika makala haya nakusudia kuchunguza jinsi fasihi ya Kiswahili ilivyosema, na ilivyonyamaza, juu ya raha ya mwanamke katika tendo la ndoa. Kipimo changu kitakuwa neno moja lililotoka Kagera, nalo ni katerero. Nadai kwamba maandishi yetu yamempa mwanamke lugha ya wajibu, lugha ya uzazi na lugha ya adhabu. Lugha ya raha yake hayakumpa. Pengo hilo lilipoachwa wazi, mzaha wa mitaani uliingia ukaketi.

Tuanze na neno. Katerero ni jina la desturi ya Wahaya, ambayo kwayo mume hatangulizi haraka ya kuingia, bali hutumia uume wake kugonga na kusugua kwa mapigo mepesi, ya taratibu na ya kufuatana, juu ya kinembe na sehemu zinazokizunguka, hata mkewe afikie ukomo wa raha. Katika jina hilo si vigumu kuuona mzizi wa kitenzi -tera, yaani kupiga. Desturi hiyo si ya Wahaya peke yao. Rwanda huitwa kunyaza, na Uganda hujulikana kwa jina la kachabali. Mwaka 2010 daktari Mnyarwanda aliyekuwa akiishi Ujerumani, Nsekuye Bizimana, aliieleza katika jarida la elimu ya jinsia, na mwaka 2016 ikatengenezewa filamu iliyopewa jina la Kifaransa lenye maana ya maji matakatifu. Ulimwengu wa nje, basi, umekwisha kuisoma. Sisi wenye lugha tungali tukiichekea.

Kicheko hicho chastahili uchambuzi. Katerero ni jina la kata pia, na kata hiyo imo katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, wilaya moja na kata ya Kaagya. Mtu wa huko anapotaja kwao mbele ya wageni wa Dar es Salaam, mara nyingi hupokewa kwa tabasamu la pembeni kabla hajaulizwa habari za migomba na kahawa. Mwanamke wa Kaagya au wa Muleba hupata zaidi ya tabasamu: hudhaniwa kuwa ana siri fulani mwilini, na kwamba siri hiyo ni halali ya kila aulizaye. Dhana hiyo ina historia. Luise White, katika kitabu chake cha 1990 juu ya ukahaba katika Nairobi ya wakoloni, ameeleza habari za wanawake wa Kihaya waliofika Pumwani katika miaka ya 1930, na jinsi fedha walizopata zilivyorudi nyumbani kuokoa jamaa na mashamba yao. Walikuwa watu wenye hesabu na dhiki zao. Masimulizi ya mitaani yamezitupa hesabu na dhiki hizo, yakabakiza umbo la mwanamke mwepesi. Hivyo ndivyo desturi iliyowekwa kwa ajili ya mwanamke ilivyogeuka kuwa kisa juu yake, kikisimuliwa na wanaume kwa wanaume.

Sasa tugeukie maandishi, tuone kama yalikuwa na neno bora la kuweka mahali pa kicheko. Nachagua vitabu vitatu: kimoja cha pwani, na viwili vya Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa lile lile linaloosha ufuko wa Bukoba.

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa yapata mwaka 1858, na mama mgonjwa akimwusia binti yake. Hapana shaka kuwa ni miongoni mwa tungo bora za lugha yetu. Mwili wa mwanamke haukufichwa ndani yake: umeoga, umefukizwa, umepambwa. Mkono wake una kazi ya kumkanda mume, kumpepea na kumtunza. Lakini mtu akifuata njia ya raha katika utendi huo ataona kuwa ina mwelekeo mmoja tu. Raha yatoka kwa mke yaenda kwa mume, na malipo ya mke ni radhi ya mumewe na pepo baadaye. Mtunzi hakukosea kwa kipimo cha zama zake. Alikuwa akimpa bintiye silaha ya kuishi katika nyumba ambamo mume ndiye mwenye funguo. Hata hivyo, msomaji anayetaka kujua kama mke naye hudai kitu usiku hatapata jibu.

Kitabu cha pili ni hadithi ya Aniceti Kitereza juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyomalizwa kuandikwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1980. Hapa hewa ni nyingine. Bugonoka hapati mtoto, wakwe wanamtukana, wazazi wake wanamchukua, na Myombekere, badala ya kuoa mwingine na kusahau, anamfuata mkewe kwa unyenyekevu mpaka anamrudisha. Ni nadra katika fasihi yetu kuona mume akijishusha namna hii kwa kumpenda mke asiyezaa. Lakini kamba inayoshika hadithi yote ni uzazi: dawa za mganga Kibuguma, mimba, kisha Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza ametuonyesha mapenzi na ametuonyesha matunda yake. Kilichomo katikati, yaani furaha ya miili miwili, tumeachiwa tukikisie.

Cha tatu ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971 kikapigwa marufuku mashuleni. Wengi walidhani kosa la kitabu ni kusema mno. Kwa maoni yangu, katika jambo hili kilisema kidogo. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na Kezilahabi anaonyesha kwa ushujaa kuwa fimbo si elimu: msichana aliyelelewa gizani hujikwaa mara tu anapotoka nje. Lakini Rosa anapopita kutoka mwanamume mmoja hadi mwingine, ni mara chache mwandishi humwuliza kama alifurahi. Twahesabiwa wanaume, mimba na majuto, na mwisho ni mauti. Kitabu kilichotetea haki ya msichana kujua hakikumpa kitu cha kujua isipokuwa hatari.

Basi tunayo maandishi matatu na majukumu matatu. Kwa Mwana Kupona mwili wa mke ni huduma, kwa Kitereza ni shamba, kwa Kezilahabi ni mtego. Sikusudii kuwatoa makosa waandishi hawa, kwa maana kila mmoja alifanya kazi aliyoikusudia. Ninachosema ni kuwa katika rafu nzima hatuoni mahali ambapo mwili huo ni wa mwenyewe.

Msomaji wa pwani atanipinga. Atasema kuwa unyago ulikuwapo, na makungwi walifundisha. Kwamba Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, alipiga ngoma za unyago kwa miaka mingi bila kuona haya. Na kwamba Baganda wana ssenga, yaani shangazi, ambaye kazi yake ni kumfunza binti mambo ya chumbani. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Sylvia Tamale, mwanasheria wa Uganda, amechunguza mafunzo ya ssenga na kuonyesha kuwa ndani yake kuna utii kwa mume na vile vile kuna elimu inayompa mwanamke nguvu. Lakini hoja hii yazidi kuthibitisha hasara yetu. Elimu ilikuwapo, ikakaa nyuma ya mlango. Na wanaume, ambao ndio waliohitaji sana kuisikia, hawakualikwa. Kuhusu katerero mambo yaligeuka: wanaume ndio walioitangaza, na mwanamke ndiye asiyeulizwa.

Matokeo yake yamo katika msamiati tunaotumia. Kijana wa leo husema bao, neno la mchezo, na anayefunga ni yeye. Hesabu ya usiku ni hesabu ya magoli yake. Husema mshindo, neno la kishindo cha kitu kinachoanguka, na kinapokwisha kuanguka shughuli imekwisha. Neno la adabu kidogo ni kufika kileleni. Sitiari hii ni nzuri kuliko zile mbili, kwa kuwa mlima hupandwa na wawili. Lakini nayo ina kasoro: kilele ni kimoja, na baada yake ni kushuka. Masters na Johnson, katika kitabu chao cha 1966, walionyesha kuwa mwanamke aweza kufikia ukomo wa raha zaidi ya mara moja bila kushuka kabisa katikati. Sitiari ya mlima imechorwa kwa safari ya mwanamume, kisha mwanamke akavishwa.

Hapa elimu ya mwili yaweza kuusaidia uhakiki. Mwaka 1998 daktari Helen O'Connell na wenzake wa Australia walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa kinembe si ile punje ndogo inayoonekana nje. Sehemu yake kubwa imefichika ndani, ikikumbatia mkondo wa mkojo na ukuta wa uke. Karne nzima vitabu vingi vya udaktari vilikuwa vimekichora pungufu au kukiacha kabisa. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2018, uliowauliza wanawake 1,055, uliona kuwa asilimia 18 hivi tu walisema kuingiliwa peke yake kunawatosha kufikia ukomo wa raha. Asilimia 37 hivi walisema kuwa kuguswa kinembe ni lazima. Takwimu hizo ni za Wamarekani, lakini mwili huo ni mmoja. Mtu akizisoma kisha akairudia desturi ya Kagera, ataona kuwa wazee waliojenga desturi juu ya kugusa kabla ya kuingia hawakubahatisha.

Lakini heshima kwa desturi isitufumbe macho. Katerero, kama inavyosifiwa sasa, imefungwa na jambo moja: maji. Mwanamke akiyatoa, mume hujiona fundi. Asipoyatoa, mmoja wao huhukumiwa, na mara nyingi ni mke. Kipimo hicho hakina msingi. Uchunguzi mdogo wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2015, juu ya wanawake 7 wanaotoa maji mengi, ulitumia mashine ya kupiga picha za ndani ukaona kuwa kibofu kilijaa kabla na kuwa tupu baada ya hapo. Maji hayo kwa sehemu kubwa yalitoka humo, na kwa wengi wao yalichanganyika na utomvu wa tezi ndogo zilizo karibu na mkondo wa mkojo. Lugha ilikuwa imekwisha kudokeza habari hii, maana kunyaza katika Kinyarwanda kimetokana na kitenzi cha kukojoa. Si aibu kwa anayetoa, na si upungufu kwa asiyetoa. Wako wanaotoa maji bila kufikia ukomo wa raha, na wako wengi wanaoufikia pasipo tone. Anayehesabu maji hana tofauti na anayehesabu mabao: wote wawili wanatafuta ushahidi wa ufundi wao, na hakuna aliyemwuliza mwenye mwili.

Ndiyo maana nashikilia kuwa jambo hili ni la fasihi kabla ya kuwa la hospitali. Daktari aweza kuchora kinembe sawasawa, lakini hawezi kumpa bibi arusi wa Muleba sentensi ya kumwambia mumewe, Hapo sipendi, au, Usiache. Sentensi hutoka katika lugha aliyoisikia, na lugha hulelewa na watunzi. Msichana aliyesoma utendi wa wajibu, hadithi ya uzazi na riwaya ya adhabu ataingia chumbani na maneno matatu: samahani, tayari, na kimya. Mume naye ataingia na maneno ya uwanja wa mpira. Katika hali hiyo hata kukataa hakusikiki vizuri, kwa sababu asiyeruhusiwa kusema anachotaka huwa vigumu kuaminiwa anaposema asichotaka.

Wanafunzi wetu wa uhakiki wana kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kukusanya, kwa adabu na kwa ridhaa, maneno ambayo wanawake wa Kihaya wenyewe, bibi na shangazi, hutumia kueleza raha yao, kabla maneno ya mitaani hayajayafuta. Ya pili ni kumsoma kila mwandishi, awe wa kale au wa leo, na swali jepesi mkononi: katika ukurasa huu, nani afurahi, na nani asema kuwa amefurahi? Mwandishi atakayejibu swali hilo kwa Kiswahili safi, bila kuchokoza na bila kuona haya, atakuwa ameiongezea methali ya wahenga kipande kilichopungua.