Kioo Kipi? Uhakiki wa Maneno ya Kamera ya Filamu

Kamera za filamu za aina ile inayomwezesha mpiga picha kutazama kupitia lenzi ileile itakayopiga picha zimekwisha kuwa vitu vya kukusanywa. Pentax K1000, iliyotoka mwaka 1976, iliacha kutengenezwa 1997. Nikon F6, ya mwisho katika ukoo ulioanza na Nikon F ya 1959, ilikoma mwaka 2020. Hata hivyo wako wanaozinunua, wanaozitengeneza na wanaozitumia, na kwa hiyo vijitabu vyake vya maelezo bado hufika mezani kwa mfasiri. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la istilahi lishughulike na chombo kilichopitwa na wakati. Jibu ni kwamba maneno yake hayakupitwa na wakati. Yamehamia katika kamera za leo, na kasoro zake zimehama pamoja nayo.

Tuanze na jina la chombo. Mfasiri anayefuata Kiingereza hatua kwa hatua hujikuta ameandika “kamera ya lenzi moja” na kuridhika. Jina hilo halielezi kitu, kwani kamera karibu zote zina lenzi moja, hata zile za kisanduku. Neno “moja” lilikuwa na kazi pale tu ilipokuwapo kamera ya lenzi mbili ya kulinganisha nayo, kama Rolleiflex ya 1929, ambayo lenzi yake ya juu ni ya kutazamia na ya chini ni ya kupigia. Sifa inayoitenga kamera yetu na nyingine ni kioo kilichoinama nyuzi 45 nyuma ya lenzi, ambacho huakisi mwanga na kuupeleka juu, kisha hunyanyuka ili mwanga uifikie filamu. Historia yenyewe ni historia ya kioo hicho. Kine Exakta ya Dresden, mwaka 1936, ilimtaka mpiga picha ainame na kutazama kwa juu, na kulia kukaonekana kushoto. Contax S ya 1949 iliweka juu ya kioo mche wa pembe tano, ndipo mtu akaweza kutazama mbele kama kawaida na kuona pande zote mahali pake. Asahiflex IIB ya 1954 ilikirudisha kioo chini mara picha inapokwisha kupigwa. Katika kamera nyingi za kabla yake jicho lilibaki gizani mpaka filamu ivutwe tena. Basi jina linalofaa ni “kamera akisi”. Maneno “ya lenzi moja” yaongezwe pale tu panapotajwa dada yake mwenye lenzi mbili.

Hapo ndipo tunapokutana na tatizo kubwa zaidi, nalo ni neno “kioo” lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili hubeba kioo cha kujitazamia, kioo cha dirisha, na siku hizi uso wa simu. Wako pia wanaoiita lenzi kioo. Ndani ya kamera akisi vipo vioo vya namna zote hizo: lenzi, kioo kinachoakisi, bamba la kulengea ambamo picha huonekana, mche, na kidirisha cha kuweka jicho. Sasa mfasiri anaandika: “Safisha kioo kwa kitambaa laini.” Kioo kipi? Ikiwa ni cha mbele ya lenzi, shauri si baya. Ikiwa ni kile kinachoakisi, mwenye kamera ameharibiwa mali yake. Kioo cha nyumbani kimepakwa madini yake upande wa nyuma, na bilauri yake huyakinga. Kioo cha kamera kimepakwa upande wa mbele ili taswira isiwe na kivuli, na utando huo ni mwembamba mno hata kitambaa laini huuchana. Michubuko yake haitaonekana katika picha, kwa kuwa kioo hunyanyuka wakati wa kupiga, lakini itabaki machoni mwa mtumiaji maisha yote ya kamera. Napendekeza “kioo akisi”, na liandikwe kwa ukamilifu kila mara, hata kama linachosha. Wale wanaofasiri habari za kamera mpya wamekwisha kuonja uchungu wa jambo hili. “Kamera isiyo na kioo”, maneno yanayozuka kwa wepesi kabisa, humfanya msomaji adhani kwamba kamera hiyo haina lenzi, au haina uso wa kuonyeshea picha, hali uso huo ndio inaoutegemea.

Kitenzi “kusafisha” nacho kina hila yake. Kwa wapiga picha wetu, kusafisha filamu ni kuitia katika dawa hata picha zitokee. Maana hii ni ya watu, imekomaa studioni, na sioni sababu ya kuipiga vita. Lakini hebu karani wa nyaraka aandikiwe: “Filamu zilizomo kabatini zisafishwe.” Ikiwa zimo ambazo hazijaingia kwenye dawa, naye akazifungua ili kufuta vumbi, picha zake zimepotea papo hapo, wala hakuna wa kuzirudisha. Dawa ya tatizo hili haihitaji neno jipya. Kiswahili kina kupangusa, kufuta, kupuliza na kuosha, kila kimoja na namna yake ya mkono. Mwandishi akimaanisha vumbi, aandike vumbi lipulizwe; kusafisha awaachie wenye dawa.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni “kasi”. Vijitabu vya Kiingereza hutumia neno moja la mwendo kwa vitu viwili: muda ambao njia ya mwanga huwa wazi, na jinsi filamu inavyoupokea mwanga huo. Tukifuata, tutaandika “kasi” mara mbili. Mtu akasoma: “Palipo na mwanga hafifu, tumia kasi kubwa.” Akilielewa kuwa la filamu, amepata shauri jema, kwa maana filamu ya ASA 400 huhitaji robo tu ya mwanga unaohitajiwa na ile ya ASA 100. Akilielewa kuwa la muda, ataweka 1/1000 ya sekunde na picha itatoka giza tupu. Sentensi moja, matokeo mawili yanayopingana!

Isitoshe, kwa upande wa muda neno lenyewe ni la uongo. K1000 ina mapazia mawili ya kitambaa yanayopita mbele ya filamu, moja likifungua na la pili likifuata kufunga. Mwendo wa mapazia haubadiliki. Kinachobadilika ni upana wa mwanya kati yake: kwa 1/1000 mwanya ni mwembamba, na kwa 1/60 filamu yote huwa wazi kabla pazia la pili halijaanza safari, ndiyo maana flashi hutumika kwa kiasi hicho au kirefu zaidi. Hapana kasi hapa. Tuseme “muda wa mwanga” kwa mapazia, na “wepesi” kwa filamu.

Wanunuzi wa kamera kuukuu, hasa wa pwani, wajihadhari pia na “ukungu”. Muuzaji akisema lenzi ina ukungu kidogo, huenda ni mvuke utakaokauka, huenda ni kuvu iliyoota ndani kwa unyevu na inayoula utando wa lenzi. Bei ya kitu cha kwanza si bei ya kitu cha pili. “Kuvu” na “mvuke” yapo, yatumike.

Kwa lile tundu la lenzi linalotanuka na kusinyaa, ningependa “mboni”, kwani hufanya kazi ileile ya mboni ya jicho. Namba zake huwatatiza wanafunzi kwa kuwa kubwa humaanisha dogo. Mwalimu aeleze kuwa ni kigawanyo: lenzi ya milimita 50 ikiwekwa 2, mboni ina kipenyo cha milimita 25, ikiwekwa 16, ni milimita 3 na ushei. Agizo la “ongeza mboni” basi lisichanganywe na “ongeza namba”.

Ama “lenzi”, “filamu”, “fokasi” na “flashi”, siungi mkono wanaotaka yabadilishwe. Yamekwisha kuenea, kila moja lina maana moja katika ufundi huu, na hakuna fundi aliyewahi kuharibu kamera kwa kuyaelewa vibaya.