Marshalltown: Kutekwa au Kutelekezwa?



Naomba niwarudishe kwenye moto wa Marshalltown, Johannesburg. Nia yangu ni kujadili neno moja tu, maana naona neno hilo lilifanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso, nambari 80 mtaa wa Albert, liliungua na watu 76 wakapoteza maisha, watoto wakiwamo. Walikufa Waafrika Kusini, Wamalawi, na Watanzania pia. Hata siku haijaisha, vyombo vya habari vilikwishapata jina: "jengo lililotekwa". Nasi Waswahili tukalipokea, tukalitafsiri, tukaendelea nalo.

Hebu tulitazame. Kwa Kiswahili kinachotekwa ni meli, ndege au mtu. Palipo na kutekwa pana jambazi, na pana mwenye mali aliyedhulumiwa. Sasa mwenye mali hapa alikuwa nani? Ni Jiji la Johannesburg lenyewe! Enzi za ubaguzi wa rangi jengo lile lilikuwa ofisi ya pasi, Mweusi akipanga foleni kuomba ruhusa ya kuwa mjini. Baadaye likawa makazi ya muda ya wanawake na watoto waliokimbia mateso. Kisha Jiji likaliacha.

Kwa hiyo neno lililostahili ni "lililotelekezwa". Sote tunajua maana ya baba kutelekeza watoto. Ukisema kutelekezwa, msikilizaji atauliza nani katelekeza. Ukisema kutekwa, ataanza kutafuta jambazi, na mwenye jengo anageuka kuwa mhanga. Sikatai kwamba walikuwamo watu wakitoza kodi mle ndani bila haki. Lakini hao waliingia palipoachwa wazi.

Nisiwaonee waandishi. Kwamba jengo ni mali ya Jiji ilielezwa siku ile ile, na wapo walioifuatilia habari hii kwa uhodari. Tatizo ni kipi kiliwekwa juu na kipi chini. Baadhi ya wanasiasa walidai kwamba mashirika ya haki za makazi ndiyo yanayozuia majengo kama hayo kusafishwa. Kifungu cha 26 cha katiba ya nchi ile kinakataza kumwondoa mtu nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Hakimkatazi mwenye jengo kuweka maji, vizima moto na milango inayofunguka. Mwandishi anayebeba kauli ya mwanasiasa bila kueleza sheria hiyo, mimi namwita tarishi.

Halafu ikaja Januari 2024. Mtu mmoja alisema mbele ya Tume ya Jaji mstaafu Sisi Khampepe kuwa ndiye aliyewasha moto, akieleza habari za mauaji na dawa za kulevya. Lo! Vichwa vya habari vikawaka upya. Lakini jamani, nani aliwasha moto ni swali moja. Kwa nini watu walishindwa kutoka ni swali jingine. La kwanza ni la polisi. La pili ndilo la mwananchi, kwa sababu jibu lake liko kwenye ofisi anazozilipia kodi. Ripoti ya kwanza ya Tume, iliyotolewa Mei 2024, iliitwisha lawama Jiji na kampuni yake ya majengo: tangu 2019 walau walijua hali ilivyo, na sheria za usalama hazikufuatwa.

Novemba 2021 wakazi wa Johannesburg walipiga kura kuchagua madiwani. Hali ya majengo ya Jiji ndiyo habari iliyofaa kumfikia mpiga kura kabla ya siku ile, pamoja na jina la ofisi inayohusika. Gazeti linalokuja na kamera baada ya maiti kupangwa barabarani linatuhabarisha, sawa, ila halijatuhudumia.

Limebaki linalotuhusu sisi tulio ugenini. Mtanzania au Mmalawi wa mle ndani hakuwa na kura, kwa hiyo hakuna diwani aliyemhitaji, na katika habari akawa "mgeni haramu" kabla hajawa marehemu. Asiyekuwepo na lake halipo. Nani basi atauliza kwa niaba yake, kama si vyombo vinavyosema lugha yake? Idhaa na magazeti ya Kiswahili yana sababu ya kufuatilia ripoti ile ukurasa kwa ukurasa, maana wanaosubiri majibu wako Tanzania nao ndio wasikilizaji wao. Wakiishia kutafsiri mashirika ya habari ya nje, watakuwa wametafsiri na lawama pia, na lawama hiyo imeangukia waliokufa.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aseme, tujadiliane.