Karani Mmoja Hatoshi: Uhakiki wa "Wema Hawajazaliwa"

Katika matawi na madarasa ya siasa, kila rushwa inapojadiliwa huzuka swali lile lile: je, rushwa ni ubaya wa mtu au ni ubaya wa mfumo? Wanaosema ni ubaya wa mtu hutaka mahubiri na jela. Wanaosema ni ubaya wa mfumo, baadhi yao hukaa wakisubiri mfumo ubadilike, na huku mikono yao imo chini ya meza. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kukihakiki kitabu kimoja cha Afrika Magharibi, na kukipima kwa yale yaliyotokea hapa kwetu, hasa katika vitongoji vya Dar es Salaam upande wa Kinondoni na Temeke.

Kitabu hicho ni riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 ilifasiriwa kwa Kiswahili na Abdilatif Abdalla, ikaitwa Wema Hawajazaliwa. Mwandishi mwenyewe si mgeni kwetu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 alifundisha katika Chuo cha Elimu ya Taifa, Chang'ombe, wilayani Temeke. Kwa hiyo tunapokisoma kitabu chake tukiwa Temeke hatumburuti mtu kutoka mbali. Tunamrudisha mahali alipopata kuishi.

Kitabu na nchi yake

Ghana ilipata uhuru mwaka 1957 chini ya uongozi wa Kwame Nkrumah. Haikupita miaka mingi kabla ya dalili za kuoza kuonekana ndani ya chama chenyewe. Aprili 8, 1961, Nkrumah alilihutubia taifa kwa redio alfajiri, akawakemea viongozi wa chama waliokuwa wakijilimbikizia mali. Maneno yalikuwa makali, lakini mali haikurudi. Februari 24, 1966, wanajeshi na polisi waliiangusha serikali yake.

Riwaya inaanza katika siku za mwisho za utawala huo na kwisha mara tu baada ya mapinduzi. Mhusika mkuu hana hata jina. Ni karani wa reli, anayeshughulikia safari za treni. Mfanyabiashara wa magogo anamjia ofisini jioni na noti mkononi, akitaka magogo yake yapatiwe behewa. Karani anakataa. Nyumbani, mkewe Oyo haoni sifa yoyote katika kukataa huko. Anamfananisha na ndege anayechukia kinyesi lakini chakula chake ni funza wa humo humo. Koomson, aliyesoma naye shule, ambaye zamani alikuwa kibarua wa bandari, sasa ni waziri mwenye gari na nyumba ya fahari. Waziri huyo anataka kununua mashua ya uvuvi kwa kutumia majina ya watu wengine. Karani anakataa kutia sahihi, na Oyo anatia. Serikali inapoangushwa, Koomson anakimbilia kwa karani huyo huyo, na njia pekee ya kuponea ni kupita katika tundu la choo. Mwisho, chini ya utawala mpya, karani anamwona dereva wa basi akimhonga polisi kizuizini, kama ilivyokuwa jana na juzi.

Nguvu ya kitabu

Nguvu ya kwanza ni kwamba mwandishi hakuitazama rushwa katika ikulu. Aliitazama kwenye meza ya karani, katika basi na jikoni. Wengi wetu tunapotaja rushwa tunawaza mikataba mikubwa. Mikataba hiyo ipo na inaumiza. Lakini mwananchi wa kawaida huionja serikali yake kwenye dirisha la ofisi, na hapo ndipo anapoamua kama serikali ni yake au ni ya wengine.

Nguvu ya pili ni kwamba mwandishi hakudanganyika na mapinduzi. Alionyesha kuwa kubadilisha watu walioketi vitini, na viti vikabaki vile vile, si kubadilisha chochote. Historia ya Ghana ilimpa haki. Mwezi Juni mwaka 1979 utawala wa Jerry Rawlings uliwapiga risasi maofisa wanane wa jeshi, na miongoni mwao watatu walikuwa wamepata kuwa wakuu wa nchi. Hata hivyo rushwa haikuzikwa pamoja nao. Risasi humwua mla rushwa, lakini nafasi ya kula rushwa huibakiza wazi ikimsubiri mwingine.

Udhaifu wa kitabu

Pamoja na sifa hizo, kitabu kina udhaifu ambao kada hana budi kuuona. Chinua Achebe wa Nigeria alikishutumu kwamba ugonjwa kinaousimulia si wa Ghana halisi, bali ni huzuni ya binadamu kwa jumla iliyovikwa jina la Ghana. Hatukubaliani naye katika yote, kwa kuwa karani yule na mshahara wake tunawafahamu vizuri. Lakini shutuma hiyo inatuelekeza mahali pa kutazama.

Karani wa Armah yuko peke yake. Ana rafiki mmoja, Mwalimu, ambaye amejitenga na dunia na hana la kumshauri. Wafanyakazi wenzake ni kama vivuli tu. Tujiulize: kukataa kwake noti kulizuia nini? Mwenye magogo aliondoka na fedha zake mfukoni akijua kwamba ofisi ina meza nyingi. Karani aliutunza usafi wake, na wizi ukaendelea kupita pembeni yake. Uadilifu wa namna hiyo ni wa kuheshimiwa, lakini ni uadilifu wa mtu anayejifungia ndani ya nyumba safi katika mtaa unaofurika maji machafu.

Udhaifu mwingine ni Oyo. Katika kurasa nyingi mwanamke huyu anaonekana kama sauti ya tamaa inayomvuta mume shimoni. Hatuwezi kuukubali mtazamo huo bila kuuhoji. Oyo ndiye anayejua bei ya chakula na ndiye anayesikia watoto wakiomba. Katika miaka ya 1970 na 1980 thamani halisi ya mshahara hapa kwetu ilishuka sana. Huko Manzese na Tandika wanawake waliuza maandazi, walifuga kuku, walikaanga samaki, na nyumba zikasimama. Lawama za jikoni ziwaendee waliokula cha jikoni.

Mashua na Azimio

Hapa ndipo kitabu kinapokutana na historia yetu. Koomson aliihitaji sahihi ya mtu mwingine ili mali iwe yake na jina lisiwe lake. Mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka, yaani mwaka 1967, Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kuliona tundu hilo. Lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Likasema pia kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe, au pamoja na mumewe. Tena halikuishia kwa mawaziri: liliwagusa madiwani na watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati. Kwa maneno mengine, mbele ya Azimio, sahihi ya mke ilikuwa sahihi ya mume.

Azimio lilikuwa na hekima ambayo kitabu hakina. Halikumwuliza kiongozi kama moyo wake ni mweupe. Liliuliza ana nini, na kimetoka wapi. Mwongozo wa mwaka 1971 ukaongeza jambo la pili: ukamkataza kiongozi ujeuri, ubadhirifu na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliuchukua Mwongozo kama silaha, wakawahoji mameneja wao hadharani. Hapo karani hakuwa peke yake tena.

Lakini kukosoa bila kujikosoa ni porojo. Hatuna budi kusema kwamba sharti lililoandikwa vizuri lilisimamiwa vibaya. Nyumba ziliandikwa kwa majina ya watoto na ndugu. Wafanyakazi waliohoji sana katika miaka ya 1971 hadi 1973 waliishia kuambiwa warudi kazini, na wengine walifukuzwa. Urasimu uliupokea Mwongozo kwa mkono mmoja na kuukunja kwa mkono wa pili. Mwaka 1991, mjini Zanzibar, Halmashauri Kuu ya Taifa iliamua kuyalegeza masharti hayo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba hali ya uchumi imebadilika. Hali ilikuwa imebadilika kweli, lakini hatuoni ni vipi mabadiliko hayo yaliifanya mashua ya Koomson kuwa halali.

Sheria hazikukosekana. Sheria ya mwaka 1963 ilimpeleka mla rushwa jela kwa lazima, na viboko 24, nusu siku ya kuingia na nusu siku ya kutoka. Sheria ya Kuzuia Rushwa ilitungwa mwaka 1971, na mwaka 1975 kikaundwa kikosi cha kuisimamia. Mwaka 1983 ilikuja vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Edward Sokoine. Vita hivyo viliwapa moyo wanyonge, lakini mara nyingi vilimkuta mwenye sabuni chini ya kitanda na kumwacha aliyemfungulia ghala. Ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma mwaka 1995, Tume ya Jaji Warioba mwaka 1996, na sheria mpya ya rushwa mwaka 2007. Tume ya Warioba ilisema wazi kuwa kuna rushwa ya anayetafuta kujikimu na rushwa ya mkubwa mwenye tamaa, na ikazitaja polisi, mahakama na ardhi miongoni mwa sehemu zilizoathirika.

Masjala ya kitongojini

Tuitazame ardhi, kwa kuwa hakuna mkazi wa Kinondoni au Temeke asiyejua uchungu wake. Tuchukue mfano wa mwananchi anayetaka kiwanja. Anajaza fomu. Fomu inaingia masjala. Kutoka masjala inakwenda kwa mpima, kutoka kwa mpima inakwenda kwenye ramani, kutoka kwenye ramani inakwenda kwa anayeandika ofa. Kila hatua ina meza, na kila meza ina mtu mmoja ambaye yeye peke yake ndiye anayejua faili lilipo. Mwananchi anaambiwa njoo kesho. Kesho anaambiwa faili halionekani. Siku anayotoa "chai", faili linaonekana.

Nini kimeuzwa hapo? Si kiwanja, maana kiwanja ni cha umma. Kilichouzwa ni siri. Rushwa ya mezani huzaliwa na mambo matatu yakikutana: kitu ni haba, habari zake ni siri, na anayeishika siri hiyo hahojiwi na mtu. Karani mwadilifu huliondoa jambo moja tu katika hayo, nalo ni nafsi yake. Akihamishwa, siri inabaki, na uhaba unabaki.

Jiji letu limeshalijaribu suluhisho la kubadilisha watu. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilifanya kazi ya kusifiwa katika barabara na usafi. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Mwaka 2002 ukaanzishwa mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo kama Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni, na Kibada na Tuangoma upande wa Temeke ya wakati huo. Mradi huo uligusa jambo la kwanza, yaani uhaba, na kwa hilo ulikuwa sahihi. Lakini jambo la pili na la tatu, siri na kutohojiwa, hayaondolewi na mpima mwenye vigingi. Huondolewa na wananchi wenyewe.

Wajibu wa makada

Ahadi ya mwanachama tangu enzi za TANU ilimfunga asipokee rushwa wala asiitoe. Sehemu ya pili ya ahadi hiyo ndiyo tunayoisahau. Tunamlaani karani anayepokea, kisha tunamtuma kijana na bahasha ili faili letu litangulie. Kada anayefanya hivyo hana mdomo wa kuzungumza barazani.

Pia ahadi haitoshi bila vyombo. Kwanza, kila kinachogawiwa na umma, kiwe kiwanja au nafasi sokoni, orodha yake ibandikwe ukutani katika ofisi ya mtaa, yenye majina na tarehe, mahali ambapo hata mama muuza vitumbua atapita aisome. Pili, mkutano wa wakazi usiwe wa kusomewa taarifa na kupiga makofi, bali wa kuuliza. Tatu, mtumishi anayekataa rushwa na kumtaja mtoaji asiachwe peke yake na hasira za wakubwa. Chama cha wafanyakazi na tawi visimame naye kabla barua ya uhamisho haijamfikia.

Hapo tunaweza kulijibu swali tuliloanza nalo. Rushwa ni ubaya wa mfumo unaofanya kazi kwa mikono ya watu. Karani wa Armah si bure, kwani bila yeye tusingekuwa na shahidi. Kosa ni kumwomba shahidi awe jeshi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hatukubali kukaa tukisubiri wema wazaliwe. Wema hawazaliwi wakiwa tayari. Hulelewa, hulindwa, na huhojiwa kila siku na wenzao.