Namna Tunavyosimulia Wafiadini Wetu

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, mashariki ya Kongo, Kanisa Katoliki liliwatangaza kuwa wenye heri watu wanne waliouawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964. Watatu walikuwa wamisionari Waksaveri kutoka Italia: Padre Luigi Carrara, Padre Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin. Wa nne alikuwa Padre Albert Joubert, mzaliwa wa pwani ya Ziwa Tanganyika. Wawili waliuawa Baraka na wawili Fizi. Si mbali na kwetu. Ukiwa Kigoma siku ya anga safi, milima ya Kongo unaiona kwa macho.

Tangu hapo nimesoma vijitabu kadhaa juu yao, na mahubiri niliyosikia si haba. Nimeishi na ualimu zaidi ya miaka arobaini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nikiwafundisha walimu namna ya kufundisha. Kazi hiyo humwachia mtu tabia isiyotibika: kila asikiapo hadithi, hujiuliza mwanafunzi atatoka darasani na nini. Ni kwa swali hilo ninavikosoa vijitabu hivi. Heshima ya waliokufa siitilii shaka hata kidogo. Ninayoitilia shaka ni kalamu yetu.

Kasoro ya kwanza, nayo ndiyo mama wa nyingine, ni kwamba tunayo kalibu moja tu. Kalibu hiyo tumeirithi kutoka Namugongo. Mashahidi wa Uganda waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, na wale Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, siku 41 tu kabla ya mauaji ya Baraka na Fizi. Katika hadithi ile kuna Kabaka, kuna kasri, kuna amri, na kuna vijana wanaokataa. Kila mtu amesimama mahali pake, na hata mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe havina kasri. Mwenye bunduki leo aweza kuwa amebatizwa, tena amejifunza kusoma katika shule ya misheni ile ile. Amri haijulikani imetoka wapi. Anayekufa hapewi nafasi ya kuhojiwa mbele ya baraza. Ukimimina udongo wa namna hii katika kalibu ya Namugongo, tofali litatoka, ila litakuwa na ufa.

Ndiyo maana vijitabu vingi huanza na gari la waasi likisimama mbele ya kanisa la Baraka, kana kwamba gari hilo lilishuka kutoka mawinguni. Vita haimo. Msomaji haambiwi kwamba katikati ya mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walikuwa wameteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka minne tu nyuma na kumpoteza waziri mkuu wake, Patrice Lumumba, kwa kuuawa mwezi Januari 1961. Haambiwi kwamba tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji, wakiletwa na ndege za Marekani, walitua Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, ili kuwaokoa Wazungu walioshikwa mateka. Siku nne baadaye ndipo damu ikamwagika Baraka.

Kwa nini waandishi hulikwepa jambo hili? Nadhani wanaogopa swali ambalo mtu yeyote barazani angeliuliza: je, waliuawa kwa ajili ya dini, au kwa ajili ya rangi yao? Basi huificha vita ili swali lisizuke. Lakini swali lililofichwa halifi. Humsubiri kijana aliyeamini kila kitu, na siku atakapoifahamu historia ya Kongo kwingineko, atadhani Kanisa lilimdanganya.

Mimi naona jibu lipo, nalo halihitaji kuficha kitu. Moyo wa muuaji katika vita huwa na mambo mengi pamoja: hasira kwa wageni, woga, pombe, kisasi, na chuki kwa yale ambayo padre anayawakilisha. Hakuna mizani ya kuyapima hayo moja moja. Moyo wa anayekufa, hata hivyo, twaweza kuusoma kwa matendo yake. Watu hawa waliishi miezi mingi chini ya waasi wakijua hatari iliyopo. Walibaki kwa sababu walikuwa na waumini wa kuwahudumia. Siku ile Bruda Faccin alitakiwa apande gari, akakataa, akapigwa risasi. Padre Carrara alikuwa akiungamisha. Alitoka, akaukuta mwili wa mwenzake, na alipotakiwa naye apande gari, alipiga magoti kando ya maiti, akaeleza kwamba kama ni kufa heri afe pamoja na ndugu yake. Akauawa pale pale. Gari likaendelea hadi Fizi, na jioni ile Padre Didonè na Padre Joubert nao wakauawa. Yaweke mambo haya ndani ya vita yenyewe, pamoja na Stanleyville na hasira yake yote. Hayapungui. Yanazidi kung'aa, kwani sasa twajua gharama ya kubaki ilikuwa kubwa kiasi gani.

Kasoro ya pili ni hotuba. Waandishi wetu hawapendi mtu afe kimya. Humwekea kinywani maneno ya ukurasa mzima, yenye nukuu za Maandiko na laana kwa wauaji. Padre aliyepiga magoti kando ya maiti ya ndugu yake ana haja gani ya hotuba? Mwalimu mzuri akishaonyesha kitu hunyamaza, mwanafunzi akitazame.

Katika kasoro hii naingiza pia jinsi Bruda anavyotendewa. Katika orodha huwekwa mkiani, na wasifu wake ni mistari mitatu. Wengi wetu bado twadhani bruda ni mtu aliyeshindwa kufika upadre. Bruda haungamishi wala hatoi Misa. Ameweka nadhiri na anafanya kazi, basi. Faccin alikuwa na miaka 30, na ndiye aliyetangulia. Yule wa mkiani katika orodha alikuwa wa kwanza katika kifo, na Padre Carrara, mwenye miaka 31, alimfuata.

Kasoro ya tatu ni hesabu. Hapa Mabatini yupo mama mmoja muuza dagaa, Mbembe kwa asili, ambaye wazee wake walivuka ziwa wakati wa vita ile wakaingia Kigoma. Nilimpa kimoja cha vijitabu hivyo, nikijua kitamgusa. Alikirudisha baada ya wiki.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekisoma chote," alisema. "Hawa mapadre bibi yangu aliwajua, alikuwa akiwasifu. Lakini babu yangu alikuwa katekista huko huko, na watu wenye bunduki waliokuja baada ya Simba walimuua. Yeye mbona hamo?"

Nilimwambia kwamba kumtangaza mtu mwenye heri kunahitaji ushahidi, mashahidi walioona, na mtu wa kufuatilia kesi kwa miaka mingi. Shirika la kimisionari lina wa kufuatilia, lakini katekista wa kijijini ana wajukuu tu. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayakumtosha mama yule, wala hayanitoshi mimi. Kanisa lina taratibu zake na ni lazima ziwepo. Mwandishi wa kijitabu hafungwi na taratibu hizo. Nini kinamzuia kuandika ukurasa mmoja juu ya makatekista, masista na waumini wa kawaida waliokufa katika miezi ile? Kumnyima mtu altare ni jambo la sheria ya Kanisa, lakini kumnyima hata kutajwa ni uvivu wetu sisi.

Padre Joubert peke yake angetosha kuivunja hesabu hii mbovu. Baba yake, Kapteni Ludovic Joubert, alikuwa Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, akaja Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1880 kuwalinda watu wa misheni dhidi ya wawinda watumwa, akaoa mwanamke wa hapa Afrika na kukaa hadi kufa kwake. Albert alizaliwa mwaka 1908, akawa padre, akafa Fizi akiwa na umri wa zaidi ya miaka 55. Ni mwana wa ziwa. Lakini katika vijitabu yeye ni "na mwenzao".

Tusidhani ugonjwa huu ni wa Kongo tu. Mwezi Agosti 1905, katika vita vya Majimaji, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili karibu na Liwale. Shuleni tunafundisha kwamba wapiganaji wa Majimaji ni mashujaa wa taifa, na ni sawa, kwani walipinga kunyang'anywa nchi na kulimishwa pamba kwa nguvu. Watu waliokufa katika vita ile, wengi kwa njaa, wanakisiwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Kanisani tunasikia juu ya askofu na wenzake. Mwalimu ni yule yule, ana madaftari mawili, na hayafungui yote mawili kwa wakati mmoja. Kuhusu Kongo nako, nchi yetu haikuwa mtazamaji. Silaha za waasi zilipitia Kigoma, na mwaka 1965 Che Guevara mwenyewe alivuka kutoka huko kwenda kuwasaidia. Mtanzania anayesimulia habari za Baraka na Fizi kana kwamba ni ushenzi wa majirani anasahau mizigo iliyopita bandarini kwake.

Upo usimulizi ulio bora, nao hauko mbali. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta, jimbo la Bururi, nchini Burundi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Vijana 40 wakauawa. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, aliyenusurika, aliandika kitabu kwa Kifaransa kilichochapishwa mwaka 2004. Ninachokisifu ni kwamba umoja wa vijana wale haushuki kutoka mbinguni asubuhi ile. Tangu vita vilipoanza mwaka 1993 seminari nayo ilikuwa na mashaka na minong'ono yake, na walezi waliwakalisha vijana pamoja wakazungumza, wakacheza, wakasali. Kwa hiyo msomaji anaona jinsi ujasiri ulivyolelewa. Mwalimu akisoma hivyo anapata kazi ya kufanya kesho darasani. Akisoma kijitabu cha malaika wasio na mashaka, anapata picha ya kutundika ukutani.

Najua nitajibiwa: "Mwalimu, vijitabu hivi ni vya kusalia, si vya historia." Nakubali kwamba sala haihitaji tarehe nyingi. Haihitaji uongo pia, na kuficha ni nusu ya uongo. Tena kuna hatari kubwa zaidi. Hadithi ya mfiadini ikikosa vita, mahali pa vita hukaa kabila. Mtoto hutoka darasani akijua kwamba Wabembe waliua mapadre, au Wahutu waliua wanaseminari. Huyo amefundishwa kuchukia kwa kutumia damu ya waliokufa wakikataa kutengana. Na hao Wabembe ndio waliokuwa waumini wa mapadre wale, waliopokea sakramenti mikononi mwao na kuwalilia.

Ninaloomba si kubwa. Kila anayeandika juu ya wenye heri hawa aweke ukurasa mmoja wa vita, na mwingine wa majina ya wenyeji. Waliokuwa watoto Baraka na Fizi mwaka 1964 sasa ni wazee wa miaka sabini na zaidi, na baadhi yao wako Kigoma, wako Mwanza, wako hapa Mabatini. Walimu wa dini wawaendee na daftari. Waanze na makatekista: jina, kijiji, nani alimwona mara ya mwisho. Babu wa yule mama muuza dagaa nimekwisha kumwandika.