Kibao Kinachoandika Bila Betri

Kile kibao chembamba cha plastiki wanachochorea watoto kwa kijiti, chenye mistari ya kijani juu ya weusi, nilikifungua skrubu nikatoa betri yake. Nyumba na jua alivyovichora mwanangu vilibaki palepale. Nikaandika jina lake chini kwa ukucha, nalo likatokea kijani vilevile. Kilichokufa ni kitufe cha kufutia tu.

Ndani yake, kati ya karatasi mbili za plastiki zilizopakwa utando unaopitisha umeme na mwanga, mna fuwele kimiminika za aina ya kolesteriki. Hutiririka kama mafuta mazito, lakini molekuli zake hujipanga kwa msokoto, mithili ya kamba. Mzunguko mmoja kamili ni takriban nanometa 340. Misokoto ikisimama wima kumwelekea mtazamaji, hurudisha mwanga wa kijani, ule wenye urefu wa wimbi wa nanometa 540 hivi. Rangi nyingine hupita na kumezwa na tabaka jeusi la nyuma. Misokoto ikilala ovyo, kama makuti baada ya upepo, mwanga karibu wote hupita na tunaona weusi.

Hali zote mbili zimetulia. Kati yake pana kizingiti cha nishati ambacho joto la chumbani haliwezi kukivuka. Kioo cha kikokotoo hakiko hivyo: umeme ukikatika, molekuli hurudi zilikotoka na tarakimu hupotea.

George Heilmeier na Joel Goldmacher wa kampuni ya RCA, Marekani, walionyesha mwaka 1968 kwamba mchanganyiko wa namna hii hushika picha hata umeme ukiondolewa. Bidhaa ilikuja baadaye sana, kutoka mji wa Kent, Ohio, wenye taasisi ya fuwele kimiminika tangu 1965: kampuni ya Kent Displays ilitoa kibao cha Boogie Board mwaka 2010.

Uamuzi ninaouhusudu ni wa kuuachia mkono kazi ya kuandika. Ncha ikikandamiza, kimiminika husukumwa pembeni, na mtiririko huo wenyewe huisimamisha misokoto iliyolala. Polima iliyochanganywa humo huuzuia mtiririko usisambae, ndiyo maana mstari hubaki mwembamba. Kijiti hakina wino wala waya. Hata ukucha unatosha.

Kufuta ndiko kugumu. Betri ina volti 3 tu, kwa hiyo sakiti ndogo huipandisha volteji mara nyingi zaidi. Pigo la kwanza, lenye nguvu, huikunjua misokoto kabisa, na linapokatika ghafla misokoto hujisokota upya ikiwa imesimama. Pigo la pili, dogo zaidi, huilaza. Tazama kwa makini unapobonyeza kitufe: kioo humeta mara moja, kisha huwa cheusi. Mmeto huo ni pigo la kwanza likifanya kazi yake, likifuta tofauti zote za awali ili kila sehemu ianzie mahali pamoja. Bila hilo, kivuli cha mchoro wa jana kingebaki.

Umeme hutumika kwa kitambo hicho kifupi tu, na ndiyo sababu betri hudumu miezi kwa miezi. Lakini utando ule wa umeme ni kipande kimoja kilichofunika kioo chote, na pigo haliwezi kuchagua mahali pa kugusa. Mwanangu akikosea herufi moja, nyumba na jua huondoka nayo.