Lelemama: Ngoma na Chama

Wengi walioandika juu ya lelemama wamesifu safu za wachezaji, sare zao na mikono ichezayo polepole, wakaishia hapo. Kwa maoni yetu, huko ni kukaa barazani bila ya kuingia nyumbani. Lelemama ilikuwa ngoma, lakini ilikuwa pia chama. Mjini Mombasa, kabla ya Vita Kuu ya Pili, vyama vya wanawake vya lelemama vilikuwa na vyeo, michango na wapinzani wa kushindana nao. Humo mwanamke alijifunza kuongoza, kukusanya fedha, kuita wenzake na kuitikiwa.

Dar es Salaam mwaka 1955 inatupa ushahidi. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alipotakiwa kuwaingiza wanawake katika TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Hao walikuwa na wafuasi tayari, waliozoea kukusanyika na kuaminiana.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Mashindano yaliwatia wengine katika gharama kubwa, na nyimbo za mafumbo ziliweza kumwaibisha mwanamke mbele ya mji mzima.

Basi mwalimu anayewapanga wasichana jukwaani siku ya sherehe, akawachagulia wimbo, vazi na kiongozi, amewafundisha hatua za miguu tu. Awaachie na daftari la michango, na hata ule ugomvi wa nani awe manju.